Kikaratasi cha Ubao Nambari Saba

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, Kadii alimaliza kuosha vyombo, akachukua daftari na penseli, akaenda kunyanyua ubao.

Ubao wenyewe haukuwa kitu cha kujivunia. Ulikuwa kipande kikuukuu, chenye urefu wa mkono wa mtu mzima, kilichoandikwa nambari 7 kwa rangi nyeupe. Ulilazwa chini nyuma ya kitalu cha miche cha Bi Kahaso, kando ya ua wa shule yao huko Kakuyuni. Mbao kama hizo zilikuwa kumi na mbili, na kila mwanachama wa klabu alikuwa na wake. Kazi ilikuwa hii: unanyanyua ubao polepole, unatazama nani amejificha chini yake, unahesabu, unaandika, kisha unaurudisha kama ulivyoukuta.

Klabu hiyo ilikuwa chini ya Kitengo cha Wanyama Wasio na Uti wa Mgongo, cha chama kimoja cha wanasayansi chenye ofisi mjini Malindi. Jina lilikuwa refu, kwa hiyo watoto walisema "Kitengo" tu, na kila mtu alielewa. Kila mwezi Kitengo kilitoa jarida la kurasa nne. Humo utasoma nani amehesabu kaa kwenye mlango wa mto Sabaki, ni konokono gani ameonekana wapi, na mkutano ujao utafanyika lini. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa shule. Macho ya Kadii yalitua hapo kwanza kila mwezi, na kila mwezi jina lake halikuwapo.

"Leo umepata nini, Kadii?" Cliff aliuliza huku akikung'uta magoti. Cliff alikuwa naye Gredi ya Sita, na ubao wake ulikuwa nambari 3.

"Siafu arobaini. Na jongoo mmoja."

"Yule yule wa wiki iliyopita? Nisalimie sana!"

Wenzake walicheka. Kadii naye alijidai kucheka. Ubao nambari 3 ulikuwa umetoa nge mara mbili, na mara zote mbili jina la Cliff lilichapishwa. Ubao nambari 7 ulikuwa umetoa siafu kwa wiki kumi na moja.

Mwezi wa nne shule zilifungwa. Kadii alikwenda Kilifi kukaa wiki mbili na shangazi yake Sidi, mtaa wa Kibarani. Shangazi Sidi alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba kubwa yenye ukuta mrefu na maua ya kila rangi. Sheria ya pale ilibandikwa langoni: mfanyakazi haruhusiwi kuingia na mtoto. Lakini jirani aliyekuwa akae na Kadii mchana aliugua, na Shangazi hakutaka kumwacha peke yake nyumbani. Akamwingiza kwa mlango wa nyuma siku tatu.

"Usiseme popote kwamba umefika hapa," alimwonya. "Hata kwa mama yako. Nikifukuzwa kazi, tutakula mchanga."

"Sitasema, shangazi."

Siku ya tatu, Kadii alikuwa akimsaidia kusogeza vyungu vya maua vilivyoletwa kutoka mbali. Chini ya chungu kimoja alimwona mnyoo ambaye hakuwahi kumwona maishani. Alikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu, rangi ya kahawia yenye mistari myeusi mgongoni, na kichwa chake kilikuwa kimetanuka kama bapa la jembe. Alitambaa bila miguu wala haraka, akiacha utelezi nyuma yake.

Kadii hakungoja. Aliokota chupa tupu ya jemu jikoni, akachota udongo kidogo wa kile chungu, akamtia mnyoo ndani na kutoboa kifuniko. Shangazi, aliyekuwa akimwagilia upande wa pili, hakuona kitu.

Kadii alirudi Kakuyuni siku ya Alhamisi. Jumamosi klabu ilikutana, maana mbao zilinyanyuliwa hata wakati wa likizo. Mwalimu Phineas, mlezi wa klabu, alipoona chupa alishika kiuno.

"Jamani! Huyu ametoka wapi?"

Kila mnyama anayepelekwa Kitengo huwekewa kikaratasi ndani ya chupa. Kinaandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka ndani ya spiriti. Mahali, tarehe, jina la aliyekusanya. Mwalimu Phineas alikuwa amewaimbia jambo hilo tangu siku ya kwanza: mnyama asiye na kikaratasi ni uchafu ndani ya chupa. Sasa alimpa Kadii kikaratasi na kusubiri.

Kadii alishika penseli. Akiandika Kibarani, ataulizwa Kibarani wapi, nyumba ya nani, aliingiaje. Tena ukurasa wa mwisho wa jarida ulikuwa wa wanyama wa mbao za shule, si wa vyungu vya watu. Cliff alikuwa akichungulia begani kwake.

Akaandika tarehe ya siku hiyo, kisha: *Kakuyuni. Ubao nambari 7. Kadii Ngumbao.*

"Hongera, Kadii," alisema Mwalimu Phineas. Alimimina spiriti ndani ya chupa, akafunga kifuniko.

Uongo wote ulimchukua Kadii muda mfupi kuliko kufunga vifungo vya shati.

*

Jarida lilifika katikati ya mwezi wa tano, mvua za masika zilipokuwa zimeshika. Mwalimu Phineas alilibandika kwenye ubao wa matangazo, na watoto wakasukumana. Jina la Kadii halikuwa ukurasa wa mwisho. Lilikuwa ukurasa wa kwanza, juu kabisa.

"Mnyoo kichwa-jembe aonekana Kakuyuni," Cliff alisoma kwa sauti. "Chini ya ubao wa mwanafunzi Kadii Ngumbao. Eh! Kadii, wewe si wa siafu tena!"

Kadii aliona joto tamu likimpanda kifuani. Lilidumu kwa aya moja, kisha Cliff akaendelea kusoma.

Mnyoo huyo, jarida lilisema, si wa kwetu. Husafirishwa kwenye udongo wa mimea ya vyungu na mifuko. Hamdhuru mtu, lakini hula nyungunyungu, wale wanaolainisha udongo wa shamba. Ukimkata vipande vitatu kwa jembe hujamuua, maana kila kipande huweza kuwa mnyoo mzima. Kwa hiyo Kitengo kilikuwa kimezungumza na afisa wa kilimo. Kitalu kilicho karibu na ubao nambari 7 kisitoe mche hata mmoja mpaka uchunguzi ukamilike.

Kitalu kilichokuwa karibu na ubao nambari 7 kilikuwa kimoja tu.

Jioni hiyo Kadii alipita nyuma ya ua wa shule. Bi Kahaso alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya miche yake mia nane: miembe, mivinje, mikorosho. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene, na mikono yake ilikuwa na udongo hata siku ya ibada.

"Shikamoo, Bi Kahaso."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe uliyenitafutia mgeni!" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Basi njoo unionyeshe. Ulimkuta upande gani wa ubao?"

Kadii alielekeza kidole mahali popote. "Pale."

"Kichwa kilikuwa kinatazama miche yangu au kinatazama shule?"

"Sikumbuki."

Bi Kahaso aliinuka, akaleta beseni la maji. Alichukua mche mmoja wa mwembe, akauvua mfuko wake, akaosha mizizi na kuikagua uzi kwa uzi. Hakuna kitu. Akauvalisha mfuko mwingine, akajaza udongo, akauweka kando. Akachukua wa pili.

"Utaosha yote?" Kadii aliuliza.

"Nifanyeje? Mvua hainisubiri. Miche hii isipoingia ardhini kabla ya mwezi wa sita kwisha, itaota ndani ya mifuko mpaka ijinyonge. Keti unisaidie. Macho yako yanaona kuliko yangu."

Kadii aliketi. Alitia mikono ndani ya beseni, akaanza kutafuta mnyoo aliyejua hayupo.

Alitafuta Jumatatu. Akatafuta Jumanne na Jumatano. Kila siku Bi Kahaso alimkaribisha na kipande cha muhogo wa kuchemsha, na kila siku Kadii aliumaliza nusu tu. Akiacha kwenda, Bi Kahaso angeuliza kwa nini. Akienda, alikuwa akidanganya kwa mikono pia, si kwa mdomo tu. Alijaribu kuhesabu njia za kutoka, na kila njia ilikuwa na mtu amesimama mbele yake. Huku Bi Kahaso, kule Shangazi Sidi.

Tumaini lake lilikuwa moja. Jumamosi watu wa Kitengo watakuja. Watatafuta, hawataona mnyoo, watasema kitalu ni safi, basi. Mambo yatakwisha yenyewe bila yeye kufungua kinywa.

*

Walikuja watu tisa, wakiongozwa na Daktari Nduku, mwenyekiti wa Kitengo. Alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa viatu vya mpira na miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Kwanza aliwakusanya wanafunzi wote chini ya varanda ya shule, akamwita Kadii mbele, akamkabidhi lenzi ndogo ya kukuzia yenye mkono wa shaba.

"Hii ni ya mtu mwenye macho makini," alisema, na watoto wakapiga makofi. Lenzi ilikuwa nyepesi, lakini Kadii aliishika kama amepewa jiwe.

Kisha kazi ikaanza. Watu wazima walipiga magoti kwenye matope, wakageuza mawe, wakafunua majani yaliyooza na kuinua mifuko ya miche mmoja mmoja. Asubuhi nzima ilipita. Walipata konokono, majongoo, tandu wawili, na nyungunyungu wanono wengi sana. Mnyoo kichwa-jembe hakuonekana.

Kadii alivuta pumzi. "Basi hayupo," alisema.

Daktari Nduku alikuwa akipangusa miwani. "Hatujamwona," alijibu. "Hatujasema hayupo. Mnyoo huyu hujichimbia, na huenda ana wenzake. Tutarudi baada ya wiki mbili, kisha wiki mbili nyingine, kisha mara ya mwisho. Tusipomwona mara zote nne, ndipo tutakiachilia kitalu."

"Wiki sita?" Bi Kahaso alisema polepole. "Daktari, wiki sita mvua imekwisha."

"Najua, mama. Naumia kukuambia. Lakini kikaratasi kinasema alikuwa hapa, na kikaratasi ndicho tunachokifuata."

 Njia aliyoitegemea Kadii ilikuwa imeziba.

Halafu Daktari Nduku akatoa chupa mfukoni, ile ile ya jemu, akaiinua kwenye mwanga. "Kuna jambo linanisumbua. Tazameni chini. Mnaona chembe hizi nyeupe, nyepesi, kama povu lililokauka? Huchanganywa kwenye udongo wa dukani, wa vyungu vya maua. Bi Kahaso, unatumia udongo huo?"

"Mimi? Natumia udongo mwekundu na samadi ya mbuzi. Sijawahi kununua udongo, Daktari. Ardhi yote hii, ninunue udongo?"

"Hujawahi kupokea chungu chochote kutoka nje?"

"Hata kimoja."

Daktari Nduku alimgeukia Kadii. "Binti yangu, chembe hizi ulizichota pale chini ya ubao?"

Wote walimtazama. Mwalimu Phineas, Cliff, wale watu tisa wenye matope magotini. Bi Kahaso naye alimtazama, tena kwa matumaini, kama mtu anayejua shahidi wake ni mwaminifu.

"Ndiyo," Kadii alisema. "Zilikuwa pale."

 Mmoja wa wale wageni alimtupia Bi Kahaso jicho, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake. Bi Kahaso aliliona jicho hilo. Kadii naye aliliona.

*

Kufikia Jumanne, maneno yalikuwa yamefika kwenye bomba la maji. Kahaso anaficha kitu. Kahaso amenunua udongo wa magendo. Mbona akatae, na chupa inaonyesha? Siku ya Jumatano mwalimu mmoja wa shule ya jirani, iliyokuwa imeagiza mivinje mia tatu, alipita kwa pikipiki kusema wataitafuta kwingine.

Kadii alipofika kitaluni jioni, beseni lilikuwa limefunikwa. Bi Kahaso hakuwa akiosha mizizi tena. Alikuwa ameshika mche wa mvinje, akitazama chini ya mfuko, mahali mizizi ilipotoboa na kuning'inia nje.

"Imechoka kusubiri," alisema. "Leo hakuna muhogo, mwanangu. Sikupika."

"Si neno, Bi Kahaso."

"Miaka kumi na tisa nimekaa hapa. Nimegombana na mbuzi, nimegombana na ukame, nimegombana hata na mume wangu, Mungu amrehemu. Lakini muongo sijawahi kuitwa. Na leo anayeniita muongo hata si mtu, ni chupa. Chupa nitaijibu nini?"

Alisema hivyo bila hasira. Angekasirika, labda Kadii angevumilia. Badala yake alinyoosha mkono na kumpapasa Kadii kichwani, mkono ule ule wenye udongo. "Wewe usijisumbue. Wewe uliandika ulichokiona."

Kadii alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kisha akakimbia. Hakusimama mpaka kwao.

Mama yake alikuwa uani akichambua kunde kwenye ungo. Alikuwa mwanamke asiyepoteza maneno. Alimtazama bintiye mara moja tu, akauweka ungo chini.

"Sasa sema. Wiki nzima unakula kama ndege, nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

"Mama, nikisema, shangazi atafukuzwa kazi."

"Sema kwanza. Ya kufukuzwa tutayajua baadaye."

Kadii alisema yote: chungu cha maua, mlango wa nyuma, chupa ya jemu, kikaratasi, chembe nyeupe. Alipomaliza alikuwa akilia kwa kwikwi. "Nilitaka kumlinda shangazi," alisema.

Mama alitikisa kichwa. "Hapo ngoja. Kama ulitaka kumlinda shangazi yako, ungemwacha mnyoo kule kule chini ya chungu. Nani angejua? Ulimleta kwa nini?"

Kadii alitazama chini. Swali hilo hakuwa amejiuliza mwenyewe, na jibu lake lilikuwa fupi. "Nilitaka jina langu liandikwe."

"Ehee. Sasa tunazungumza." Mama alifuta mikono kwa leso yake, akachukua simu, akaiweka sauti ya juu ili Kadii asikie.

"Wifi, habari za huko?" alisema. Hakusubiri habari. Alieleza jambo lote kwa sentensi tano.

 Sauti ya Shangazi Sidi ilisikika, ndogo kuliko kawaida. "Wifi, nikifukuzwa je?"

"Ukifukuzwa tutakaa chini tutafute la kufanya. Unajua nyumba yangu iko wapi. Lakini huyu ana miaka kumi na miwili, na kwa kukulinda wewe anamzika jirani yangu. Hiyo siikubali."

Shangazi aliuliza, "Kadii yuko hapo?"

"Niko, shangazi."

"Usilie. Mimi ndiye niliyekuingiza pale, na ndiye niliyekufunga mdomo. Haukuwa mzigo wa mtoto. Kesho asubuhi nitamwambia mwenye nyumba mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine."

Simu ilipokatika, Mama aliinuka. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa Kahaso."

"Sasa hivi?"

"Unataka kumpa usiku mwingine wa kukosa usingizi?"

*

Kumwambia Bi Kahaso kulikuwa kugumu kuliko kumwambia Mama. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni. Kadii alisubiri afoke.

"Zile siku zote," Bi Kahaso alisema hatimaye, "tulipokuwa tunaosha mizizi, wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukanitazama nikiosha."

"Ndiyo. Nisamehe, Bi Kahaso."

Mwanamke yule aligeuza uso, akatazama miche yake. "Nitakusamehe," alisema. "Lakini si leo. Leo nina hasira, na nimengoja sana mtu wa kumkasirikia. Nenda nyumbani."

Kadii alikwenda. Alikuwa amelia njia nzima ya kuja. Ya kurudi hakulia. Aliona uzito umempungua upande mmoja tu, lakini ulipungua kweli.

Kesho yake Mwalimu Phineas alimsikiliza, akavua kofia, akaivaa tena, kisha akampigia simu Daktari Nduku. Siku ya Ijumaa Kitengo kilikuwa Kibarani. Shangazi Sidi aliwaonyesha chungu chenyewe na vingine vilivyokuja navyo, na chini ya vitatu kati yake walikuwepo minyoo wenye vichwa kama jembe. Mwenye nyumba alikasirika, akampa Shangazi barua ya onyo. Lakini hakumfukuza. Alisema mtu aliyekuja kujisema mwenyewe asubuhi na mapema anaweza kuachiwa funguo za bustani.

Jumamosi Daktari Nduku alirudi Kakuyuni peke yake, akiwa na chupa ya jemu na barua ya afisa wa kilimo. Barua ilikuwa na mistari minne: kitalu cha Bi Kahaso hakina kosa, miche itoke. Aliisoma kwa sauti mbele ya shule nzima na majirani waliokuja kusikia, kisha akamwomba Bi Kahaso radhi kwa niaba ya Kitengo.

Kadii alimrudishia lenzi. Daktari aliipokea, hakumwambia abaki nayo. Badala yake akampa kikaratasi kipya na penseli.

"Andika. Safari hii yote."

Kadii aliandika: *Kibarani, Kilifi. Chini ya chungu cha maua. Kadii Ngumbao.* Akaweka na tarehe ya kweli. "Kile cha kwanza nikitoe?"

"Hapana. Kikaratasi kikishaingia ndani ya chupa, Kitengo hakikitoi. Tunaongeza cha kusahihisha, na vyote viwili vinakaa pamoja. Atakayeifungua chupa hii baada ya miaka hamsini atasoma kosa na atasoma sahihisho."

Kadii alikiangalia kikaratasi cha zamani kikielea kwenye spiriti, maandishi yake mwenyewe, safi, yasiyofutika. Alikidondosha cha pili kando yake.

"Na kwenye jarida?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwenye jarida kutakuwa na masahihisho, ukurasa wa kwanza, mahali pale pale. Utayaandika wewe, kwa jina lako."

Nje, gari lilikuwa limesimama kitaluni. Shule ya jirani ilikuwa imerudi kuchukua mivinje iliyosalia hai. Michache ilikuwa imejinyonga ndani ya mifuko, na hiyo haikupona. Bi Kahaso alimwona Kadii amesimama mbali na ua, akaita kwa ile sauti yake nene.

"Wewe! Unasubiri kadi ya mwaliko? Njoo ubebe miche!"

Kadii alibeba miche mpaka mabega yakauma. Cliff naye alikuja kubeba, bila kusema utani wowote, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba.

Njiani kurudi nyumbani Mama, aliyekuwa miongoni mwa majirani, alimsubiri Kadii amfikie. Kisha alisema, "Sikiliza, Kadii. Uongo wako ulikuwa wa mistari mitatu tu. Lakini kuna mtu aliusoma akauamini, mwingine akaufuata, mwingine akaandika amri, na kule mwisho alikuwapo mama wa watu na beseni la maji. Ukiandika kitu, watu hujenga juu yake. Na ukishaona umekosea, sema siku hiyo hiyo, maana uongo wako ulikuwa mnyoo mmoja, na kila siku uliyonyamaza ulikuwa unamkata vipande."

Wiki tatu baadaye, Jumamosi saa mbili asubuhi, Kadii alipiga magoti nyuma ya kitalu. Jarida lenye masahihisho lilikuwa limebandikwa tangu jana, na wote walikuwa wamekwisha kulisoma. Mama yake alikuwa amepita kununua mche wa mwembe, akasimama nyuma yake.

Kadii alinyanyua ubao nambari 7 polepole.

"Umepata nini?" Mama aliuliza.

"Siafu thelathini na sita. Na jongoo."

"Basi andika hivyo hivyo," alisema Mama, akauinua mche wake begani akaenda zake.